Baindingi Zisizoachia Mguu

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Kinyaa. Sina neno lingine la leo.

Alkesh ameleta mzigo wa msimu. Skii za wanawake, vile vifaa vya kutelezea kwenye theluji, jozi arobaini. Nikafungua boksi la kwanza — maua ya waridi! La pili — vipepeo. Miaka saba niko kwenye karakana ya duka hili huku ughaibuni, nafunga skii, nanoa, napima. Na kila mwaka kuna mwanamume mahali fulani anayeamini mwanamke akiona kipepeo akili inamtoka.

Maua ningevumilia. Lakini nilishika moja, nikaikunja kwa goti. Inapinda kama chapati! Ndani ni povu tupu, hamna ubao. Na kwenye lebo wameandika ati ni ya mlima mzima. Skii ya mlima mzima inatakiwa ikushike kwenye barafu ngumu asubuhi na ikubebe kwenye theluji laini mchana. Hii itakufikisha kwenye mkahawa, basi.

Nikamwuliza Alkesh nani alizichagua. Ati yeye. Ati wanawake wanapenda kitu chepesi. Nikamwuliza, uliongea na mwanamke gani? Akacheka, akaondoka. Ameacha kikombe chake cha wiki iliyopita kwenye benchi langu la kazi. Ndani kimeota ukungu wa kijani. Nkt!

Mzee Rasik, babake, mwenye duka, alikuwa kaunta anapanga soksi. Alisikia yote. Akaendelea na soksi zake.

Jumanne, 4 Novemba

Leo afadhali. Ameingia mama mmoja wa Kingsbury, Balwinder, miaka sitini na moja. Dereva wa basi mstaafu. Aliposoma jina langu kwenye aproni akaniuliza kwa Kiswahili, "Wewe ni wa wapi, dada?" Machakos. Yeye alizaliwa Nakuru! Anaongea kama hajawahi kutoka.

Mumewe alipofariki alikaa ndani mwaka mzima, akasema. Halafu jirani akamvuta kwenda ule mlima wa ndani ya jengo, wa theluji ya mashine. Sasa ana kikundi, wanawake sita, na Januari wanaenda milima ya Alps. Amechoka kukodi. Buti za kukodi, akasema, ukizivua unanuka miguu ya watu mia. Kweli kabisa. Mimi ndiye huzipulizia dawa.

"Auntie, unataka za aina gani?"

"Usinipe za maua. Mimi nimeendesha namba 183 miaka ishirini na mbili. Nipe kitu kinachosikia usukani."

Tulikaa saa nzima. Nikamletea jozi ya mwisho ya mwaka jana, nyeusi yenye mstari wa buluu. Ukiisimamisha inamfika puani, ndicho kimo kinachomfaa. Chini ya buti ina upana wa milimita themanini na sita — si nyembamba ya kuzama, si pana ya kukokota. Ndani ubao. Akaigonga kwa kidole, akatabasamu.

Halafu baindingi, vile vifungo vinavyoshika buti kwenye skii. Watu wote wanaangalia rangi ya skii, hakuna anayeuliza baindingi! Nikamweleza: kazi yake si kukushika tu. Kazi yake ni kukuachia. Ukianguka vibaya, ifunguke kabla goti halijasokotwa. Kwa hiyo lazima nijue uzito wako wa kweli, umri wako, unavyoteleza. Alitaja kilo zake bila kupepesa. Wengi wanadanganya, nashindwa kuwaambia kwamba uongo huo ndio utakaowavunja. Yake nitaipima itoke kwenye nne; namba ikipanda, inashika kwa nguvu zaidi. Nikamtolea baindingi mpya, nikaandika jina lake juu ya boksi. Atarudi Jumamosi na buti zake.

Akanishika mkono akiondoka. Mtu wa maana.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimetaka kutapika. Si mfano, nilienda chooni.

Alkesh alinipa sanduku la baindingi za kufunga kwenye zile skii za vipepeo. Hazina maboksi yake. Nikageuza moja — chini kuna alama ya stika iliyokwanguliwa, namba ya kukodi. Kwenye springi kutu. Kwenye kisigino bazoka iliyotafunwa na mtu, imekauka, ina nywele ndani yake. Nywele! Kumbe amezinunua kutoka hoteli moja ya mlimani iliyofungwa. Ni za zamani mno, hata waliozitengeneza hawazidhamini tena. Anataka nizifunge kwenye skii mpya tuuze kama seti mpya.

Nikaweka moja kwenye mashine ya kupimia. Nimeiseti nne. Ikashika. Tano, ikashika. Sita. Saba. Ikaachia kwenye nane, kwa mlio kama mfupa unaovunjika. Nikapima ya pili, ya tatu. Vivyo hivyo. Mwanamke wa kilo sitini akianguka na hiyo, kitakachoachia kwanza ni goti.

Nilimwita Alkesh nikamwonyesha. Ati wanawake hawaendi kasi, hawatafika huko. Nikamwambia anayeenda pole pole ndiye anayeanguka pole pole, na hapo ndipo goti linaposokotwa! Ati napenda drama.

Nimezirundika kwenye kona, nikabandika karatasi: USIUZE. Nikanawa mikono mara tatu.

Jumamosi, 8 Novemba

Siko kazini. Nimempeleka mwanangu Emma kuona chuo kikuu Leicester. Namuuliza kwa Kiswahili umependa nini, ananijibu kwa Kiingereza kwamba hajui, na kwamba koti langu linanuka nta ya skii. Kweli. Nalinusa ndani ya treni, linanuka.

Nikakumbuka — leo Auntie Balwinder anakuja. Si kitu. Skii zake zipo, boksi lina jina lake. Hata Alkesh hawezi kukosea hapo.

Jumatatu, 10 Novemba

Kona iko tupu.

Alkesh anasema ameshughulikia. Ameshughulikia nini? Ati amezifunga mwenyewe Jumamosi, amepima, ziko sawa. Mtu huyu hajui hata mashine inawashiwa wapi.

Auntie alikuja, akachukua skii zake. Nikafurahi dakika kumi hivi. Halafu nikapanda ngazi kutafuta skrubu, na hilo hapo rafuni — boksi la baindingi mpya, jina lake kwa mwandiko wangu, halijafunguliwa.

Basi alifungiwa zipi?

Nimepiga simu yake mara nne. Haishikwi. Nimeacha ujumbe: Auntie, usizivae. Namwuliza Alkesh, ananiambia nitulie, zile mpya amemwekea mteja wa mtandaoni. Anatafuna korosho akiongea nami. Vipande vyake viliruka vikanifika usoni.

Jumatano, 12 Novemba

Alikuja saa tano. Kwa magongo.

Nilimwona kupitia kioo kabla hajaingia na nikajua. Mguu wa kulia, goti limefungwa kuanzia pajani. Alianguka Jumatatu asubuhi, kwenye mlima wa ndani, akifanya mazoezi na kikundi chake. Kwenye kile kipande cha chini, cha wanaoanza! Alikuwa amepunguza mwendo amsubiri mwenzake, skii ikakwama, yeye akageuka, skii haikugeuka. "Nilingoja ifunguke kama ulivyoniambia," akasema. "Haikufunguka." Wenzake watatu walimshika, mmoja akapiga buti kwa ngumi mpaka ikatoka. Hospitali wanasema ni kano ya goti imechanika. Watampiga picha Jumatatu. Alps hakuna tena.

Simu yake ilikuwa kwenye loka. Ujumbe wangu aliusikia kitandani, jioni.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele. Alitoa karatasi kwenye mkoba, ile fomu ya vipimo, akaiweka juu ya benchi. Kilo zake. Umri wake. Nne. Na chini, Fundi: J. Mutua. Na sahihi.

"Hii si yako, dada?"

"Si yangu, Auntie. Sikuwa hapa Jumamosi."

"Jina ni lako."

"Jina ni langu. Mkono si wangu."

Akaitazama. Akanitazama. "Nilimwambia yule kijana sitaki mwingine anifungie, namngoja Jedidah. Akasema Jedidah ameshapima kila kitu, angalia, amesaini. Ndiyo maana nikazichukua."

Kwa hiyo jina langu ndilo lililomvalisha. Nilitaka kumshika mkono, nikaona hautoi.

Alkesh alikuwa nyuma ya pazia la chumba cha kujaribia nguo. Niliona viatu vyake. Hakutoka mpaka mama wa watu ameondoka. Sijawahi kumchukia binadamu hivi. Mwoga, mchafu, mwongo! Ana jaketi ya pauni ngapi sijui na hana uti wa mgongo.

Alhamisi, 13 Novemba

Nimekwenda kwa Mzee Rasik. Nimeweka fomu mbele yake, na baindingi moja ya zile, niliyoing'oa kwenye skii ya vipepeo dukani, na bazoka yake na nywele zake. Nimefunga mlango.

Mzee akiwa na aibu anaacha Kiingereza, anarudi Kiswahili cha Kisumu. Akaigeuza baindingi mkononi muda mrefu. Huyu mtu alinifundisha kazi hii mwenyewe. Nilikuja kupanga maboksi. Yeye ndiye aliyenipa bisibisi, akaniambia mikono yangu imetulia.

"Mama Emma, ni mtoto wangu."

"Najua, Mzee."

"Ngoja msimu uishe. Februari. Nitamtoa kimya kimya."

Nikamwambia, Februari wote watakuwa wameshakwenda mlimani na kurudi. Wengine kwa magongo, wengine kwa kiti cha magurudumu. Alkesh amemwuzia nani mwingine? Ngapi zimetoka? Mzee hajui! Duka lake, hajui!

Akasema nikisambaza habari hii duka limekwisha. Nikasema nisipoisambaza mimi ndiye nimekwisha, maana ni jina langu liko chini ya kila karatasi. Nilipaza sauti. Kwa mzee wa umri ule.

Simu ya kaunta ikaita, ikaacha, ikaita tena. Halafu akasema, "Kesho njoo mapema. Tutafungua faili, mimi na wewe. Kila mteja tutampigia."

Nikatoka nje, nikasimama kituo cha basi, nikalia kidogo. Halafu nikanunua soda.

Ijumaa, 14 Novemba

Mzee alikuwa ameshafika saa moja na nusu. Amemnyang'anya Alkesh funguo, amemwambia akae nyumbani. Alkesh amemtumia babake ujumbe mrefu, Mzee hakuufungua. Nilimheshimu tena, hapo hapo.

Tukatandaza fomu juu ya benchi, za tangu Septemba. Kila baindingi ina namba yake kwenye fomu, na zile za hoteli namba zake zote zinaanza na herufi moja. Rahisi kuzitambua. Mzee anasoma, mimi natenga. Kumi na nne, kumbe alianza kuziuza kabla sijaliona lile sanduku! Wanawake kumi na nne, hakuna mwanaume hata mmoja. Kila moja ina sahihi yangu chini, na kila nikitenga moja natukana. J yake ina mkia kama wa panya. Mimi siweki mkia. Nikamwonyesha Mzee. Akaitikia kwa kichwa, hii ya uongo, hii ya uongo, hii.

Tukafika za mwisho mbili. Jumamosi, 27 Septemba.

J haina mkia.

Nilizishika, nikazisogeza dirishani. Mwandiko wangu. Kalamu yangu ile ya kijani iliyoisha wino. Nikaikumbuka siku yenyewe — siku ya punguzo, foleni mpaka barabarani, mgongo unaniuma tangu asubuhi. Alkesh aliniletea skii zikiwa zimeshafungwa, akasema seti mpya kutoka kiwandani, saini tu, watu wanangoja. Kuzipima ni dakika kumi kila jozi. Sikuzipima. Sikuzigeuza hata chini. Ningezigeuza ningeona stika. Nilisaini nimesimama, nikatabasamu, nikawaambia wale wanawake mko salama.

Nimekaa. Hiki kichefuchefu si kile cha wiki nzima. Kile kilikuwa kitamu, sasa naona. Nilikuwa nakipenda.

Mzee aliziona. Macho yake bado mazuri. Akavua miwani.

"Hizi mbili ni zako kweli, Mama Emma?"

"Ni zangu."

Akafikiri. Halafu akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayenipa zawadi, "Tuanze na zile kumi na mbili. Hizo tunajua ni za nani. Hizi mbili... ziweke pembeni kwanza. Labda hawataanguka." Akaenda jikoni kuchemsha chai. Ndiyo naandika sasa, kwenye benchi, maji yanachemka huko ndani.

Mmoja simjui tena. Wa pili namkumbuka, Kalpana, mwalimu, miaka thelathini na kitu, alicheka kila nilichosema. Kwenye fomu kuna pahali pa kuandika unaenda wapi na lini. Austria, kule kwenye barafu ya juu inayofunguliwa mapema. Tarehe 13 mpaka 20 Novemba.

Ameondoka jana. Huko sasa hivi ni saa tatu na nusu asubuhi, mlima umeshafunguliwa.

Namba yake iko hapa, mwandiko wake mzuri wa mwalimu. Nikimpigia nitasema nini kwanza, vua skii, au mimi ndiye niliyesaini? Mzee anarudi na vikombe. Ameona daftari. Ananiuliza tunaanza na nani.

Kiwiko changu kiko juu ya zile fomu mbili. Bado sijakiinua.