Susa Kwenye Lango la Sita

Homa Bay,
Agosti 1996.

Mke wangu mpendwa, Mama Neema,

Nakusalimu kutoka huku ziwani, na kabla sijasema lolote nataka kujua goti lako linaendeleaje. Ile dawa ya kuchua niliyompa dereva wa lori ilikufikia? Na paa la jikoni, mmekwisha kuezeka makuti mapya au mvua bado inaingia chunguni? Mimi ni mzima. Kikohozi kimeniacha, chakula nakila, na miwani niliyoikalia nimeifunga kwa waya, inanitosha.

Najua unangoja kusikia siku nitakayofika, maana barua ya kustaafu imetoka na umeniandikia kwamba mapazia umeshayafua. Mwezi huu sitafika. Nisome mpaka mwisho, ndipo ukasirike.

Unamkumbuka Mwalimu Ochola, yule mrefu niliyekaa naye nyumba moja hapa shuleni, aliyekuletea samaki ulipokuja kunitembelea. Utakumbuka pia kwamba tuligombana, ukaniuliza sababu, nikakujibu kwa mkato kuwa ni mambo ya kazi. Haikuwa kazi. Ulikuwa mchezo, nami niliona haya kukuambia.

Mzungu mmoja aliyekuwa akifundisha fizikia kwa kujitolea alituachia kompyuta yake ya nyumbani, ya zamani hata wakati ule. Si kama zile kubwa za maofisini. Hii ni kibao cha vibonye tu, unakiunganisha na televisheni, na mchezo wenyewe umo ndani ya kaseti, kama kaseti ya nyimbo. Unaiwasha, inapiga mayowe kwa dakika tano hivi, na ukiwa na bahati mchezo unaingia. Ukikosa bahati, unairudisha mwanzo. Mchezo ni wa chombo kidogo kinachoruka juu ya nchi ya nyota nyingine. Kuta zinakujia, maadui wanakupiga risasi, na kugusa chochote ni kufa. Unapewa roho tatu. Shida yake ni kasi. Hupati nafasi ya kufikiri, kidole lazima kijue kabla ya kichwa.

Baada ya masomo walimu walijazana kwenye chumba chetu cha walimu kutazama. Ochola alikuwa akipita lango la sita kama mtu anayeingia kwake. Mimi sikulipita hata siku moja. Na hilo liliniuma, Mama Neema, kwa sababu mimi ndiye mwalimu wa hesabu niliyesoma, na yeye wakati huo alikuwa ameajiriwa tu kwa muda, bado hajasomea ualimu.

Siku moja nikafika lango la sita na roho moja imebaki. Nyuma yangu walikuwepo walimu kama ishirini. Ochola akapaza sauti: "Susa, mwalimu! Susa! Susa!"

Wewe unajua kwetu kususa ni nini. Ni mtoto kukisukuma chakula kwa hasira. Ni mtu kuacha jambo na kuligeuzia mgongo. Nilisikia ananiambia mbele ya wenzangu niache, siuwezi. Chombo kikalipuka. Nikageuka nikamwambia: "Mtu asiye na cheti hana la kunifundisha mimi."

Hakuna aliyecheka. Ochola alikusanya madaftari yake akatoka, na muhula ulipokwisha akahamia kwao Karungu. Tangu hapo hatukusemezana kwa miaka minne.

Mwezi wa Juni mkuu wa shule aliniomba nipange stoo kabla sijaondoka, na humo nikaikuta ile kompyuta chini ya ramani zilizoliwa na mchwa. Nikajiambia siondoki Homa Bay bila kupita lango lile. Utacheka, mzee wa mvi anapigana na nyota. Lakini kila siku saa kumi nilikaa nayo nusu saa, sikuzidisha, na kila nilipokufa niliandika kwenye daftari mahali nilipofia. Lango la sita lina uwazi mkubwa juu, na chini kuna upenyo mwembamba unaogusana na ardhi. Jicho linakuvuta juu. Nilikwenda juu, nikafa. Nikaenda juu nimechelewa, nikafa. Nikaenda juu mapema, nikafa. Wiki tatu daftari lote lilisema juu, juu, juu, na mimi mwenye digrii sikuona ninachokiandika.

Kisha siku moja, wiki ya mwisho ya muhula, napita jikoni, mpishi wetu Min Akinyi, yaani Mama Akinyi, alikuwa amebeba sufuria ya ugali ya wanafunzi wa bweni, mkono mmoja umeteleza.

"Mwalimu, kuja! Nisaidie kususa hii sufuria!"

"Kuisusa? Imekukosea nini?"

"Wacha mchezo, mwalimu! Susa! Susa chini, inanichoma!"

Nikashika upande wangu, tukaishusha. Nami nikabaki nimeinama pale, mikono ingali kwenye sufuria, mpaka akaniuliza kama mgongo umekwama.

Acha nikueleze. Katika lugha ya watu wa huku hakuna sauti ya sh. Shule wengi huita sule, shamba ni samba, kushusha ni kususa. Mimi nimeisahihisha sule kwa kalamu nyekundu tangu nilipofika hapa, wala hakuna mwalimu anayelijua jambo hili kunishinda. Lakini siku ile sikulisikia, kwa sababu nilikuwa tayari nimeudhika kabla mtu hajafungua kinywa. Ochola hakuniambia niache. Aliniambia nishushe chombo.

Nilirudi stoo, nikaishughulikia kaseti mara tatu ndipo mchezo ukaingia. Kwenye lango la sita nikashusha, nikashusha mpaka nikadhani nimegusa ardhi. Nikapita. Mbele yake kulikuwa na lango la saba, nikafa hapo hapo, na sikujali. Nikaizima.

Jumapili nikaenda Karungu. Jumamosi nisingemkuta, yeye ni Msabato. Mkewe alinikaribisha kwa chai, lakini Ochola alikaa amenyooka kama aliyeitwa ofisini.

"Karibu, mwalimu. Siku hizi nina cheti. Unataka nikutolee ukione?"

Nikamwambia hapana. Nikamweleza yote, daftari, sufuria, Min Akinyi. Alinisikiliza bila kupepesa. Nilipofika kwenye neno lenyewe akanikodolea macho, kisha akaanza kucheka mpaka akashika meza.

"Mimi nakuambia susa, wewe unasusa mtu! Miaka minne! Omera, ndugu yangu, wewe unajua kusikia amri!"

Mkewe akacheka, nami nikacheka, nikadhani yamekwisha. Nikamwomba radhi. Ochola akaweka kikombe chini.

"Neno langu ulilisikia vibaya. Sawa, hiyo ni masikio. Lakini lako mimi nililisikia vizuri. Si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Ulilisema mbele ya watu ishirini. Hapa tuko watatu na kuku. Unataka kulichukua hapa, na uliliacha kule?"

Hata kama sufuria isingeteleza, hata kama kweli angekuwa ameniambia niache, lile la cheti halikuwa na haki ya kutoka kinywani mwangu. Nilikuwa nimekwenda Karungu kueleza kosa la sikio, na deni lilikuwa la ulimi.

Nikamwambia nitalisema kulekule. Akaniuliza lini, shule zimefungwa na mimi naondoka. Nikamwambia siondoki. Akanitazama, akasema, "Nitaona," wala sikuweza kujua kama ataona kuhusu kuja, au ataona kama nitatimiza.

Kwa hiyo nakuomba univumilie hadi Septemba. Mkuu wa shule amekubali kunipa nafasi kwenye kikao cha kwanza cha walimu. Wengi wa siku ile bado wapo. Ochola akija nitamtazama usoni nikisema. Asipokuja, nitasema vilevile, na wao watamfikishia. Sitaeleza habari ya sh wala ya sufuria, maana nikianza kueleza, wewe unanijua, nitajitetea.

Nisalimie mama yako mzazi, na dada yangu mkubwa umwambie mbegu za alizeti nimempatia. Neema na mumewe wasinunue tiketi ya kuja kunipokea kabla sijaandika. Mzee wa kanisa aliyekukopesha ngazi mrudishie, asije akadhani tumejichukulia.

Vitu vyangu vyote vimo kwenye sanduku isipokuwa ile suti ya kijivu. Hiyo nimeipiga pasi, inaningojea msumarini.

Wako ambaye hajasahau njia ya kwake,
Baba Neema