Mama, Harusi Haikuwa

Mpendwa mamaangu,

Kila baada ya sala nakuombea dua, lakini habari za nyumbani sikupi. Leo nakupa, maana kijiji chetu kizima cha Vitongoji kimeshanishauri na sijaelewa hata shauri moja.

Harusi haikuwa, mama. Zilibaki siku tisa.

Huyo mwanamme humjui, alikuja baada yako. Jina lake Suleiman, ana duka la vifaa vya ujenzi kule Konde. Alileta rangi ya kupakia madarasa ya skuli yetu, nami nikamwambia mbele ya mwalimu mkuu kwamba rangi yenyewe kama maji ya kunde. Badala ya kuudhika, alicheka mpaka akaegemea ukuta. Wiki ya pili akarudi na rangi nyengine ambayo hakuna aliyemwagiza. Mwezi haukwisha akatuma watu kwa Ami Khamis, ambaye tangu baba afariki ndiye walii wangu wa kuniozesha. Hakuficha kitu. Alisema ana watoto wawili na mama yao kampa talaka.

Unajua nilivyokuwa nimeshaacha kungoja. Miaka arobaini na moja, mama. Nikasema ndiyo. Nikabadilisha mapazia ya nyumba nzima, mimi niliyekuwa nikikucheka wewe ukibadilisha mapazia kwa ajili ya wageni.

Halafu Alhamisi moja, baada ya alasiri, akaja na Ami. Wakakaa barazani. Mimi nilikuwa jikoni nachemsha chai, Ami akaniita.

"Mwalimu," Suleiman akasema, maana mpaka siku ile hakuniita kwa jina, "nimemrejea mama watoto wangu. Eda yake ilikuwa haijesha. Yule mdogo alikuwa hali, halali, anamlilia mamake tu."

Nikasema, "Hongera."

Hongera, mama! Ndilo lililonitoka.

"Lakini neno langu kwako liko pale pale," akaendelea. "Dini inaniruhusu, na uwezo ninao. Nikikuacha ntakuwa nimekudhulumu."

"Si jambo la haramu," Ami akasema. "Fikiri, mwanangu."

Nikarudi jikoni, nikaimwaga chai yote nje mlangoni. Kisha nikateka maji nikachemsha nyengine, nikawapelekea, wakanywa.

Kesho yake majirani waliosikia walikuja kunipa pole. Walilia wao, mimi nikawabembeleza. Mchana ule nilikula sahani mbili za wali. Nikajiambia, basi hata sikuumia. Lakini Jumatatu, darasani, nimeshika chaki naandika tarehe ubaoni, machozi yakaanza kunitoka yenyewe. Nikawaambia watoto chaki imeniingia jichoni. Iliniingia jichoni mpaka kengele ya mapumziko.

Nimkasirikie nani? Mtu aliyemrudia mama wa watoto wake? Ningemsikia mwanamme mwengine kafanya hivyo ningemsifu. Nilitafuta hasira kama mtu anayetafuta funguo, naingia chumba hiki, natoka kile, siioni.

Siku ya tano akaja mwanamke nisiyemjua. Alipiga hodi kwa sauti ndogo, nikamkaribisha ndani, nikamtandikia mkeka.

"Mie Zuhura," akasema. "Wa Konde."

Nikaelewa. Nikamletea maji. Alikunywa yote kabla ya kusema neno jengine. Mrefu, mama, na ana macho ya upole.

"Sikuja kwa ugomvi, mwalimu."

"Najua."

"Nimekuja nikuone tu. Ukija, njoo. Mie sina uwezo wa kukuzuia. Lakini niliporudi, nilijua narudi kwangu."

"Yeye anajua kama umekuja?"

"Hajui." Akanitazama. "Wee unamtaka?"

"Namtaka," nikasema. Lilinitoka kabla sijalifikiri.

Akaitikia kwa kichwa, taratibu. "Na mie namtaka."

Tukatazamana. Sijui nani alianza kucheka. Tulicheka sote wawili, tumeshika mbavu, mpaka yeye akageuza kicheko kikawa kilio. Nilikuwa nimepika muhogo wa nazi na samaki wa kukaanga. Tukala sahani moja. Alipokuwa akiondoka aliniombea dua, na mimi nikamwitikia amin, na dua yenyewe wala sikuisikia vizuri.

Kesho yake nikaenda kwa Ami. "Ami, mwambie hapana."

"Kwa sababu ya yule mwanamke?"

"Sijui."

"Una hasira?"

"Sina."

"Basi sababu ni nini? Mtu ataniuliza, ntamjibu nini?"

"Sijui, Ami. Jibu ni hapana, lakini sababu sinayo."

Akavua kofia, akajikuna, akaivaa tena. "Mamako angekuwepo angesema nini?"

Ndilo swali lililonikalisha chini kukuandikia, kwa sababu nami sijui ungesema nini. Nikakumbuka ule mwaka wa safari yako ya Hija. Ulikuwa umeshaaga kila mtu. Ulipita nyumba kwa nyumba ukiomba radhi, mpaka kwa yule jirani mliyenuniana kwa ajili ya kuku. Watu wameshakutuma dua zao, mmoja anataka mtoto, mwengine anataka mguu wake upone. Halafu kule Chake, kwenye kupimwa, daktari akakuambia presha iko juu mno, mwaka huu hutosafiri.

Tulirudi nyumbani. Nilidhani utaingia ndani ulale. Wewe ukanywa maji, ukajifunga vizuri mtandio, ukasema, "Twende." Ukapita nyumba zile zile, zote, mimi nyuma yako nimejaa aibu. Kila mlango ulisema yale yale: "Nimerudi. Mwenyezi Mungu hajaniita." Kwa yule wa kuku ulikaa mpaka ukala.

Jioni yake nilikukuta chumbani umevaa zile nguo zako nyeupe za ihramu, umesimama mbele ya kioo. Uliponiona ukaanza kuzivua.

"Mama, umesikitika?" nikakuuliza.

"Sijui, mwanangu. Niwache nikunje."

Nilikukasirikia, mama. Nilidhani unanificha, kwamba moyo wako unao mlango na mimi hunifungulii. Miaka yote ile mpaka unafariki nilikuwa nao moyoni ule ukaidi, nikingoja uniambie kweli. Sasa nadhani kweli uliniambia siku ile ile. Hukujua. Mtu anaweza kupatwa na jambo likawa lake, likamkaa mwilini, na bado asijue ni huzuni, au aibu, au nafuu. Nisamehe kwa kukukasirikia.

Sikukataa kwa wema, usije ukanisifu huko uliko. Wala sikukataa kwa kiburi. Kuna asubuhi naamka mwepesi kama niliyetua mzigo wa kuni, na kabla sijamaliza kupiga mswaki natamani nikimbie mpaka Konde nikaseme nilikosea, nipokeeni, hata chumba cha uani. Kisha naenda skuli.

Ami alipeleka jibu Ijumaa, baada ya sala. Kabla ya magharibi simu yangu ikalia, ujumbe kutoka kwa Suleiman. Maneno matatu tu: "Nimekuelewa, mwalimu wangu."

Nimeusoma, mama, nimeusoma mpaka simu ikaisha chaji. Ni ujumbe wa mtu muungwana. Hakuna neno baya ndani yake. Lakini mimi nilitaka asielewe. Nilitaka aje pale barazani, akatae, aulize kwa nini, apige kelele majirani wasikie. Na angekuja, ningemwambia hapana vile vile.

Mola akupanulie kaburi lako na akupe ile safari kwa njia anayoijua Yeye. Mimi mzima, nakula, nasomesha.

Mwanao wa pekee.