Shangazi Tumaini Alivyopandisha Wimbi

Mama, shikamoo. Natumaini mgongo umepata nafuu.

Usigombe kabla hujamaliza kusoma. Jana hapa Mbweni nilisimama kwenye ubao juu ya bahari, nikivutwa kwa kamba na boti. Nahodha ni mama mmoja, Bi Zuhura. Alinifunga jaketi la kuokolea maisha kwa mkono wake, na propela ya boti yake imefichwa chini, mbali na miguu.

Nikaanguka mara tatu. Kila mara alizima injini ndipo nikapanda tena ubaoni. Wimbi linaloachwa nyuma ya boti lilikuwa dogo mno, nikataka kuacha.

Bi Zuhura akamgeukia shangazi Tumaini, aliyekuwa amekaa botini akinitazama. "Dada, njoo ukae kushoto, upande anaoteleza binti. Boti ikiinama, wimbi linapanda."

Unajua wifi yako anavyoona haya na unene wake. Alisita, kisha akahama.

Wimbi likanyanyuka hadi magotini. Nikaachia kamba, na maji yakanisukuma yenyewe, huku shangazi akiimba pambio kwa sauti ya kanisani.

Leo asubuhi kala chapati nne bila kuomba radhi kwa mtu.

Nakukumbuka sana, mama. Mkumbatie baba.

Rehema wako