Buti la Mjini, Matanuri ya Ukweni

Jumatatu, 7 Julai. Iyula
Nimefunga tena kamba za buti, meno nimeuma. Baridi kali. Mama mkwe yuko mbele na fimbo, mimi nyuma na furushi lake. Kwao mkwe hasemezwi uso kwa uso, basi anaongea na fimbo. "Fimbo, huyo wa nyuma kachoka?" Nikaijibu fimbo: mtu nimefika Lubumbashi, nimefika Durban, nije nichoke Iyula? Sikusema kwamba kote huko nilifika nimekalia kiti cha lori.

Jioni.
Malengelenge. Kisigino kimechubuka. Sharti ni lake mama: nimsindikize kwa miguu kwenye magofu ya matanuri ambako babu zake waliyeyusha chuma, ayaage kabla magoti hayajamgomea. Nikiishia njiani, mke wangu Esta, aliyerudi kwa wazazi wake, habanduki kwao. "Mtu wa malori," mama aliiambia fimbo, "nimwone akitembea."
Buti namba arobaini na mbili. Mimi ni arobaini na nne. Muuza mitumba wa Tunduma aliniapia ngozi ya Ulaya itatanuka. Jela hii.

Jumanne, 8 Julai
Tanuri la kwanza. Udongo mwekundu, refu kunizidi, nusu limeanguka. Mama analigusa, anataja majina ya wazee. Hana haraka. Mimi nasimama mguu mmoja kama korongo, najifanya naangalia milima.
Kuvua siwezi. Nilijisifu mno sebuleni kwao. Soksi imegandana na damu.

Jumatano, 9 Julai
Nimelia. Kidogo. Nyuma ya mahindi.
Nimemchukia Esta, muuza buti, na aliyegundua chuma.
Bodaboda akasimama: "Braza, panda! Unatembea kama bata!" Nikainua mguu kupanda. Mbele, mama mkwe kasimama, mgongo kwangu. Hakugeuka. Anangoja tu.
Nikaushusha.

Alhamisi, 10 Julai. Isansa
Tanuri la mwisho. Mama aliomba furushi, akakaa upande wa pili. Hatuonani.
Akaliambia tanuri: "Mwambie mwanangu avue. Tangu Iyula nasikia anavyochechemea."
Nimevua. Kwenye tundu la chini la tanuri, fimbo ikasukuma kandambili. Mpya. Namba yangu. Nimezibeba mwenyewe njia nzima.
Kisha nikamsikia kwenye simu: "Esta, rudi kwako ukabandike maji ya kukanda miguu, utie na chumvi. Mumeo anakuja. Ila polepole."
Sikujisifu. Nimekaa. Upepo unapita katikati ya vidole.