Ansbert Hakulizembea Gari Lake

Mwaka mzima umetimia leo, Ansbert, tangu ulipoondoka Temeke asubuhi na pikapu kwenda kuchukua kuni Madale, ukarudishwa nyumbani jioni umefunikwa shuka.

Tunakukumbuka kwa upole wako. Jirani akiugua ulimpeleka hospitali bila kumwuliza nauli. Mjane hukumshushia kuni barabarani. Ulimbebea hadi jikoni. Pikapu lenyewe lilikuwa limekwisha zeeka ulipolinunua baada ya vita, na wengi walikucheka. Wewe ulilitunza, likatulisha miaka saba. Kila Jumamosi, kabla ya kula, ulitandika gunia ukalala chini ya gari. Ulikaza nati za magurudumu, ulitia grisi, ulipapasa kwa vidole bomba la mafuta ya breki toka mwanzo hadi mwisho. Kilichoanza kuchakaa ulikibadilisha kabla hakijakatika.

Mdogo wako Adelard alipojua kusoma na kuandika katika darasa la jioni, mtu wa miaka thelathini na minane, ulifurahi kuliko yeye. Ulimnunulia daftari, ukamkabidhi ukaguzi wa gari.

"Sasa nina karani," ulisema. "Lakini ulale chini, karani! Usiliangalie kwa mbali kama mtu anayechagua mchumba."

Mkacheka nyote wawili.

Adelard aliupenda mno mwandiko wake. Ijumaa ya mwisho kabla ya safari yako ile mwalimu alisema kila mtu aandike jambo la kazi yake, naye akaandika ukurasa wa ukaguzi wa kesho yake: Maji, yametiwa. Magurudumu, mazima. Breki, nzima. Mwalimu alimsifu mbele ya wenzake. Jumamosi mvua ilikuwa imenyesha, uani tope tupu, naye amekwisha vaa shati jeupe la kwenda kuungama. Alitia maji, akapiga magurudumu teke, akalitazama lile tope. Alijiambia atalala chini ya gari akirudi kanisani. Hakulala. Ukurasa ulikuwa umekwisha jaa.

Jumatatu ulimwuliza, "Vipi breki, karani?"

"Zimo daftarini, kaka."

Ulisoma, ukatabasamu. "Ala! Mwandiko kama wa padri." Ukawasha gari.

Yaliyofuata alitusimulia Mama Avelina, muuza kuni, aliyekaa kando yako. Juu ya mteremko alikuuliza, "Baba Didas, zee hili litatushusha na mzigo wote huu?" Ukamjibu, "Mdogo wangu kalikagua. Nimesoma mwenyewe." Katikati ya mteremko breki hazikushika. Ulikata usukani gari ligonge ukingo kwa upande wako. Yeye alivunjika mkono tu.

Matangani watu walinong'ona: "Ubahili na uzembe huo! Gari bovu, hata breki hatengenezi." Adelard alikuwa akiwagawia kahawa. Alisikia, akaendelea kumimina. Naye alikuwa amekwisha liona lile bomba siku gari lilipovutwa: limelika, limetoboka, mahali ambapo mkono wa mtu aliyelala chini ungefika bila taabu.

Aliungama kwa padri. Alisali rozari hata usiku wa manane, na moyo haukutulia. Mwezi uliopita alipiga magoti mbele ya mama yenu, Genoveva, akamweleza yote.

"Mungu amekusikia, mwanangu," Mama alimjibu. "Lakini waliomwita Ansbert mzembe bado hawajasikia."

Ndiyo maana tunayaandika haya mahali wanaposoma watu. Nasi wengine tunakuomba radhi, Ansbert. Maneno yale tuliyasikia wote, na hatukuyakanusha, kwa kuwa mioyoni tuliogopa ni kweli. Miaka yote tulikuona umelala juu ya gunia lile, na bado tuliogopa.

Misa ya kukuombea itasomwa Jumapili hii saa moja asubuhi. Walionong'ona matangani tunawakaribisha pia, na baada ya misa Adelard atasimama mlangoni. Anayetaka kumwuliza lolote amwulize.

Wanaokukumbuka ni mama yako Genoveva, mkeo Kokushubila, wanao Didas na Demetria, na mdogo wako Adelard, aliyeomba jina lake liwe la mwisho na kosa lake liandikwe lote.

Bwana akupe raha ya milele. Hatutaacha kukukumbuka, wala hatutanyamaza tena ukisemwa vibaya.