Fuata Huyu Ndege

3 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, na nina habari tamu: nimepandishwa cheo! Nimehamishiwa ofisi ya wachoraji hapa kiwandani, na kazi yangu ya kwanza ni kopo jipya la maziwa yetu ya unga. Mkuu wangu anataka yule ndege, korongo aliyechorwa kwenye kopo, aondolewe. Anasema amezeeka. Litabaki jina tu, kwa herufi za dhahabu. Kopo la kwanza nitakuletea wewe, mteja wetu sugu. Hivi uliwahi kununua maziwa mengine?

Mwanao, kitindamimba

19 Februari

Kitindamimba wangu,

Marahaba. Goti linalalamika, nami silisikilizi. Hongera kwa cheo. Kopo lako silitaki.

Unaona mwandiko huu? Ni wangu. Barua zote za nyuma aliniandikia jirani yetu, fundi cherehani. Sikujua kusoma, mwanangu. Nimewapikia wanafunzi miaka ishirini na sita bila kujua ubao wa darasa unasema nini. Masomo ya watu wazima nimeyaanza mwaka jana, nikawa nangoja niive ndipo nikwambie.

Ulipokuwa na miezi saba, maziwa yangu yalikauka. Nikaenda dukani, nikamwuliza muuzaji kopo la maziwa ni lipi. Akasema mbele za watu, "Si limeandikwa? Soma!" Kwa aibu nikachukua kopo jeupe, nikalipa. Nilipokoroga, ikawa gundi. Ulikuwa wanga wa kunyooshea nguo, na kijiko kilikuwa kimeshafika mdomoni pako.

Fundi akanirudisha dukani, akanionyesha: "Fuata huyu ndege." Tangu siku ile sikumwomba mtu anisomee kopo. Wapo wanaoniambia kuna maziwa matamu zaidi. Najua, nimeyaonja, na ni kweli. Lakini hayo matamu hayakunisitiri.

Mama yako

12 Machi

Mama,

Shikamoo. Unisamehe kimya changu. Kila nikishika kalamu nakumbuka nilivyokununia siku niliyokuletea ripoti ya shule, ukasema macho yanauma. Nilidhani hujali.

Nilimweleza mkuu bila kukutaja. Akacheka: "Watu hununua maziwa, hawanunui ndege." Mkutano wa uamuzi ni tarehe ishirini na nane. Unaniruhusu niwasomee barua yako? Ukikataa, sitakulaumu.

Mwanao

20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Wasomee yote. Aibu nimeibeba miaka mingi mpaka imechoka yenyewe. Na usome kwa sauti, usinong'one kama unayeomba radhi. Sikumwibia mtu.

Mama yako

2 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo, shikamoo tena! Nilisoma. Mkuu akawa anaitazama meza. Kisha akasimama msimamizi wa ghala, mtu ambaye hana maneno hata siku ya mshahara. Akasema, "Wapakiaji wangu wanne hupanga maboksi kwa kumtazama korongo. Sikuwahi kujiuliza kwa nini."

Korongo anabaki, Mama, tena mkubwa kuliko jina! Mkuu hakupendezwa. Kopo amempa mchoraji mwingine, mimi nimeshushwa, nachora karatasi za kubandika kwenye maboksi. Sijuti hata chembe.

Mwanao

16 Aprili

Kitindamimba wangu,

Marahaba, na Mungu akuzidishie. Karatasi za maboksi nazo zina wasomaji wake. Chora vizuri.

Juma lililopita dukani nilimkuta mama kijana, mtoto mgongoni, ameyakodolea macho makopo kama anayesoma. Ule mkao naujua. Nikamnong'oneza, "Chukua la korongo." Akalichukua haraka, akashukuru bila kunitazama.

Zamani ningeishia hapo. Safari hii nilimfuata hadi nje, nikamwambia, "Hata mimi nilikuwa hivyo. Sasa nasoma darasa la watu wazima." Akauliza darasa liko wapi.

Nakuandikia nikiwa darasani. Amekaa benchi moja nami, na mtoto nimempakata mimi, ili mama yake apate mikono miwili ya kuandikia.

Mama yako