Kelele Iliyobaki Baada ya Kuzima

Jumatano, 9 Julai 2025

Uyole, baridi ya kukata masikio. Jana tena sikuambulia kitu. Redio ya kwetu ng'ambo ya mpaka, masafa ya kati, husoma matangazo ya vifo kila jioni kabla ya habari. Dada yangu Eveline amelazwa Karonga tangu Mei, na simu ya mwanawe haipatikani. Habari yake, ikija, itapita humu redioni — na humu mnakoroma kama zizi la nguruwe. Miaka sitini nimeishi upande huu wa mto Songwe, na kilichonibakia cha kule ni msomaji wa jioni na majina ya vijiji. Sasa nyumba zimejaa takataka za umeme zinazochafua mawimbi. Taa za bei chee. Chaja zinaning'inia ukutani mchana kutwa, hazichaji kitu. Binti yangu Tumpe ananiambia nisikilize kwenye simu. Matangazo yale hayapo kwenye simu. Nimeshamwambia.

Ijumaa, 11 Julai

Kwa Masumbuko, fundi redio wa sokoni. Anaongea bisibisi ikiwa mdomoni.

"Babu, redio nzima kabisa hii. Weka betri, kazime meni swichi ya nyumba. Ikinyamaza, mchawi unakula naye. Isiponyamaza, mchawi jirani."

Wenzake wakacheka. Nikarudi, nikazima. Kelele ikapungua nusu. Nikawasha upya kimoja kimoja: taa ya sebuleni ni mhalifu mmoja, king'amuzi cha runinga wa pili. Hivyo nitavichomoa kila jioni, wapende wasipende. Lakini nusu iliyobaki — trrr, kimya, trrr — iko karibu mno kuwa ya jirani.

Jumamosi, 12 Julai

Ndani ya redio mna kijiti cheusi kinachonasa mawimbi. Ukielekeza ncha yake kwenye kelele, kelele hufifia. Nikazima tena meni swichi, nikazunguka ua nikiigeuza redio taratibu. Ncha ikanifikisha stoo, kwa mashine za mkwe wangu Vitus za kutotolesha vifaranga.

Nyumba nzima haina umeme. Mashine zinawaka.

Taa nyekundu ikiwaka, redio inajibu trrr. Nikatoka nje, nikatazama juu. Waya mweusi unatoka kwenye nguzo, unashuka ukutani, unaingia stoo kwa tundu. Kwenye mita ya luku haupiti kabisa.

Umeme wa wizi. Huyu ndiye anayetusalisha kabla ya chakula hadi ugali unapoa! Na lile yai ninaloletewa asubuhi, kwenye sahani yenye kifuniko — nimelila miezi mingapi?

Jumatatu, 14 Julai

Nimemwambia Tumpe. Hakushangaa. Hilo ndilo lililonichoma.

"Tata, uko kwa mkwe. Hapa si Iringa."

Kweli si Iringa, nilikokaa kabla ya kuja kwao. Na hata Iringa nilikuwa mpangaji tu.

Jioni Vitus akaja mwenyewe, akachuchumaa kwa adabu zote. Baba, nasikia redio inakusumbua. Saa ya matangazo mashine zitapumzika, mayai hayafi kwa nusu saa. Akaenda akazima.

Redio ikafunguka. Msomaji nilimsikia hata akimeza mate. Kijiji baada ya kijiji, marehemu na wafiwa, sauti safi kama maji. Eveline hakutajwa. Na mimi nikamwambia mwizi asante, kwa mdomo wangu huu. Chakula kimenishinda.

Jumatano, 16 Julai

Watu wa umeme wako mtaani, wanakagua ua kwa ua. Kuipanda nguzo aufungue waya mchana kweupe Vitus hawezi. Kwa hiyo ametundika mkeka ukutani juu ya waya, na mbele ya mkeka kaweka kiti changu.

"Baba, uote jua hapa. Nani atamwinua mzee?"

Nikamwuliza, na jioni?

"Jioni utasikiliza, baba. Kama mimi mwenyewe nitakuwepo."

Nimekaa. Nilifikiri nitakataa, nikakaa. Redio kaomba niizime — trrr yake ingemtaja. Naandika ili nisimtazame mtu usoni. Mkeka unanuka panya.

Wameingia. Wawili. Aliyetangulia ni binti, koti la kung'aa, ngazi begani.

"Shikamoo babu. Unaandika nini na baridi hii?"

Marahaba. Nimemwambia nina mgonjwa ng'ambo.

"Ooh, pole sana babu. Samahani, nikusogezee kiti kidogo? Nataka kuuona ukuta huo."

Vitus, kutoka mlango wa jiko, haraka: "Muache mzee wa watu, dada. Magoti hayo, kumwinua ni shughuli ya watu wawili."

Tumpe yuko nyuma yake. Anaangalia chini.

Binti wa umeme hamtazami Vitus. Ameweka ngazi chini, amenipa mkono.

"Babu, unaweza kusimama?"

Mkono bado uko hapa, mbele ya kalamu. Magoti yangu ni mazima.